Atari, Bila H

Kimeru hakina h. Naanza na hilo kwa sababu wakubwa wangu wa kazi hawakutaka kulisikia, na mimi nimechoka kulieleza kwa upole. Mtoto akizaliwa kwetu Ruiri hakuna mtu nyumbani anayemtolea sauti ile. Anakutana nayo shuleni, kwenye kitabu cha Kiswahili, mbele ya mwalimu mwenye kiboko. Mimi nilisema "abari ya asubui" mpaka darasa la sita. Nilichapwa, nikachekwa, nikajifunza. Lakini h ya kujifunza si ya kuzaliwa nayo. Nikichoka inatoroka. Nikikasirika inatoroka mbio zaidi, na siku ninazotaka kuzisimulia hapa nilikuwa nimekasirika kutwa kucha.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeandikwa kazi na mradi mmoja wa mifugo, ofisi yetu iko Kinoru mjini, juu ya duka la mbolea, karibu mno na uwanja wa mpira hivi kwamba siku ya mechi huwezi kuongea na simu. Mradi ulikuwa unagawa dawa ya kupe kwa wafugaji, huku kwetu Ruiri na kule chini Mbeere mpaka Kiambere. Wengine walikuwa wakizunguka na gari. Mimi kazi yangu ilikuwa kompyuta.

Wafadhili walikuwa ng'ambo na walitaka tovuti. Sawa, tukawatengenezea tovuti. Kila dawa ilikuwa na ukurasa wake: inaitwaje, inachanganywa na maji kiasi gani, na onyo. Ukurasa huohuo ndio tuliouchapisha kwa printa, ukapelekwa kubandikwa kwenye ukuta wa josho ambapo watu wanaogeshea ng'ombe. Kwa hiyo mtu asije kuniambia tovuti ile ilikuwa mchezo wa wazungu. Nilichokiandika Kinoru ndicho alichokisoma mama mwenye mbuzi zake Ruiri.

Nieleze kidogo ukurasa unavyotengenezwa, maana ugomvi wote umo humo. Nyuma ya maneno unayoyasoma kuna maandishi mengine ambayo msomaji hayaoni. Huko nyuma kila aya unaweza kuipa jina. Halafu unaandika faili lingine, la mitindo, la kutoa amri: kila aya yenye jina hili, ipake rangi nyekundu, ikuze herufi zake. Kile kipande cha amri kinachotaja jina kinaitwa selekta. Selekta haijui kusoma wala haina akili. Inalinganisha jina na jina, herufi kwa herufi, basi.

Tulipoanza, maagizo yalitoka Nairobi kwamba aya zote za onyo zipewe jina moja kila mahali. Karatasi ya maagizo sikuiona. Ilikuwa kwa mkubwa wetu, naye ni Mmeru kama mimi, kwao na kwetu tumetenganishwa na mto mmoja tu unaokauka. Alinisomea akiwa mezani kwake, miwani kwenye paji la uso. "Za onyo ziite atari," akasema. Nikaandika atari.

Kwenye maneno ya kusomwa na watu niliandika HATARI, nikakagua na kamusi, sikutaka aibu. Kule nyuma nani angesoma? Kule nilikuwa nyumbani. Niliandika nilivyoambiwa na nilivyosikia, na faili langu la mitindo likasema atari vilevile. Aya na amri zikaelewana vizuri kabisa. Onyo likatoka jekundu, kubwa, linaonekana hata na mwenye macho mabovu, na miezi ikapita hakuna aliyelalamika.

Kwenye kila onyo kulikuwa na sentensi moja niliyoiongeza mwenyewe. Usiweke maji wala maziwa kwenye mkebe wa dawa, hata ukiuosha. Wataalamu walioleta dawa hawakuifikiria, kwa sababu kwao mkebe ukiisha unatupwa. Ruiri nani atatupa mkebe mzuri namna ile? Bati zito, kifuniko cha kuzungusha, hauvuji tone. Mama mdogo, anayemfuata mama yangu, aliusugua wa kwake kwa majivu na mchanga mpaka ukang'aa, akautia maziwa ya chai. Jirani walimkuta ameanguka jikoni, povu linamtoka. Alilazwa, akapona, Mungu ni mkubwa, ila mikono yake haikuacha kutetemeka. Mpaka leo akikuletea chai inabidi uinuke umpokee kabla haijamwagika. Kwa hiyo sentensi ile ilikuwa yangu. Nilitaka ifike kwa kila mtu anayepewa mkebe, na nilitaka ifike kabla ya mkebe.

Sasa dawa mpya ikaletwa, kali kuliko ile ya kwanza. Mikebe ilipangwa ofisini mpaka mlangoni, ukitaka kutoka unapita upande. Dereva wetu, Mmbeere wa Kiambere, mtu wa mizaha ambaye hakosi neno, alikuwa aanze kuisambaza Ijumaa, Ruiri kwanza, kisha wiki inayofuata aiteremshe kwao. Matangazo ya ukutani nilikuwa niyachapishe Alhamisi yaende naye. Jumatano akaja mkaguzi.

Alikuwa kijana wa Nairobi, tai, viatu vya ncha. Wafadhili walimtuma kuangalia kama tovuti zao zote zinafuata masharti, na sharti kubwa lilikuwa hili: hakuna ukurasa wa dawa bila onyo. Sharti zuri. Ningempigia makofi. Aliingiza diski yake kwenye kompyuta yangu bila kuomba, nikajikuta nimesimama kando ya kiti changu mwenyewe kama mgeni.

Naye alikuwa na faili lake la mitindo, fupi sana. Amri ya kwanza: ficha kila aya. Amri ya pili: onyesha aya zenye jina hatari. Ukiufungua ukurasa kwa faili hilo, kinachobaki kwenye kioo ni onyo peke yake. Ukitoka mweupe, basi onyo hamna. Sitasema ulikuwa ujinga, ulikuwa ujanja wa maana kwa mtu mwenye kurasa nyingi za kupitia. Ujinga ulikuja baadaye.

Akafungua ukurasa wa kwanza. Mweupe. Wa pili, mweupe. Akaenda hivyo mpaka mwisho, kila mmoja mweupe, na kila akifungua alikuwa anatikisa kichwa na kutoa kasauti kwa ulimi.

"Hakuna maonyo," akasema.

"Yapo," nikasema.

"Hayapo, madam. Si unaona mwenyewe?"

"Toa hilo faili lako, uone."

"Nikilitoa nitakuwa sikagui."

Ala! Nilidhani anatania. Nilifungua droo, nikatoa tangazo la zamani lililochapishwa kutoka kwenye tovuti hiyohiyo, nikaliweka juu ya kibodi. HATARI, jekundu. Usinywe. Usivute sigara ukinyunyiza. Usiweke maji wala maziwa kwenye mkebe. Aliliangalia kidogo, akalisogeza pembeni kwa vidole viwili.

"Hii ni karatasi," akasema. "Mimi nimetumwa kukagua tovuti."

"Lakini maneno ni yaleyale!"

"Kwa mfumo hayapo."

"Na kwa macho je? Una macho ya nini?"

Nilikuwa nimepandisha sauti. Mkubwa wetu akatoka chumbani kwake, na dereva, aliyekuwa anahesabu mikebe mlangoni, akaacha kuhesabu. Mkaguzi akamweleza mkubwa, kwa Kiingereza, kana kwamba sijaenda shule, kwamba maonyo yote yameondolewa. Mkubwa alinigeukia. "Umetoa maonyo? Kwa nini utoe maonyo? Unataka tufungwe?" Hakuuliza kama ni kweli. Aliniuliza kwa nini. Damu ilinipanda mpaka masikio yakawasha.

Ndipo nikainama nikaisoma ile amri ya mkaguzi iliyobaki wazi kwenye kioo, nikaona. Kulikuwa na herufi moja mbele.

"Jina," nikasema. "Ni jina tu. Wewe unatafuta... wewe umeandika atari na mimi nimeandika atari, lakini yako..." Na h ikanitoroka, jamani. Nilitaka kuonyesha tofauti na mdomo wangu ukayafanya yote mawili kuwa kitu kimoja. Ikabidi niguse kioo kwa kidole.

Mkaguzi alichungulia maandishi yangu ya nyuma, akaelewa, akaangua kicheko. "Atari!" akasema. "Atari! Wueh!" Akapiga meza. "Haki watu wa huku mtaniua." Na mkubwa wetu akacheka. Huyo ndiye aliyenichoma. Alicheka kuliko mgeni, mkono tumboni, akasema, "Hawa wa Ruiri, wacha tu." Nilimtazama nikaona jino lake la nyuma.

"Si wewe ulinisomea maagizo?" nikamuuliza.

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa umekaa pale. Ulisema ziite atari."

Kicheko kikakauka. Alinyoosha mgongo, akafunga kifungo cha koti, akanikaripia kwa sauti ya kutosha kusikika dukani chini. "Mimi nilisema atari!" akasema. "A-ta-ri! Usinisingizie mambo!"

Dereva alitoa kicheko kimoja kwa pua, akajidai anakohoa. Mkaguzi akaangalia viatu vyake vya ncha. Kwa mkubwa hakucheka hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba wao hawakuwa wanacheka herufi, walikuwa wananicheka mimi.

Nikasema, basi, si neno. Kosa ni la herufi, dawa yake ni dakika chache. Niacheni nibadilishe jina kila mahali, mkaguzi afungue tena, mambo yaishe, nichapishe kesho. Niliomba kwa adabu yote niliyokuwa nimebaki nayo. Mkaguzi akawa anachomoa diski yake.

"Haiendi hivyo," akasema. "Ukurasa ukishaanguka, umeanguka. Mtarekebisha, mtaandika kwa ofisi ya Nairobi, utapangiwa ukaguzi mwingine. Kwa sasa kurasa hizi hazitumiki. Msichapishe chochote kutoka humo."

"Na dawa inaondoka Ijumaa," nikasema.

"Dawa haina shida," akasema mkubwa. "Dawa ilishapita ukaguzi wake."

Nilirudia, maana nilidhani hawajanisikia. Sumu inakwenda, onyo linabaki? Wakaniambia ndivyo utaratibu ulivyo. Nikasema, jamani, mtu atapewa mkebe Ijumaa, Jumapili ataweka maziwa. Mkubwa akasema nisiwe na kichwa ngumu, watu wa Ruiri wameishi bila matangazo yangu tangu Adamu. Nikamwambia mama mdogo nusura afe. Akasema pole, kisha akamuuliza mkaguzi kama atapendelea kuku wa kuchoma au mbuzi, wakashuka ngazi kwenda kula.

Mimi na dereva tulibaki na mikebe. Sikulia. Ningelia ningepoa, na sikutaka kupoa. Dereva alichukua mkebe mmoja akaugeuza mikononi, akasoma ubavuni. Maandishi yalikuwa madogo kama ya kwenye pakiti ya plasta ya dukani, tena kwa lugha ambayo mimi na yeye hatukuijua hata jina.

"Sisi Wambeere h tunaitamka v, kwetu wangeandika vatari," akasema. "Huyo kijana angezimia."

Nilicheka kwa hasira. Halafu nikamwuliza kama ile rangi nyekundu bado ipo. Kulikuwa na debe la rangi lililobaki tulipopaka kibao cha nje, kile kikubwa cha kuwashukuru wafadhili. Akasema ipo nyuma ya mlango, na brashi iko ndani yake imekauka. Brashi nikailoweka kwenye mafuta ya taa Alhamisi kutwa, chini ya meza yangu, mkubwa akilalamika kuna harufu gani humu.

Ijumaa nilipanda pikapu bila kuaga mtu. Dereva hakuniuliza. Tulifika Ruiri jua limeshachomoza vizuri, vumbi tupu, ng'ombe wamebanana kwenye njia ya josho, watu wanapigiana kelele nani alifika kwanza. Mara tu mikebe iliposhushwa, wanawake wakaanza kuuliza ikiisha itakuwa ya nani. Sijasahau. Dawa yenyewe hawakuwa wameiuliza jina. Mmoja alishajiwekea wake pembeni na kuufunika kwa kanga.

Nikaenda ukutani. Tangazo letu la kwanza mvua ilikuwa imelibandua kabla wengi hawajalisoma. Ukuta wa josho ni wa saruji, mkavu, unanyonya rangi. Nilichovya brashi, nikainua mkono niandike lile neno la kwanza, na mkono ukasimama. Nilikuwa ninaijua h. Hapo hakuna cha kutoroka, mkono hausemi, ningeiandika na kuinyoosha kuliko mwalimu. Nikakifikiria kicheko cha yule kijana, na jino la mkubwa. Nikageuka nikawaona watu wa kwetu wakinitazama, wananingojea. Nikaandika ATARI. Niliandika nikijua, kwa herufi za urefu wa mkono, na chini yake nikaandika sentensi yangu ya mkebe yote, maji na maziwa na hata ukiuosha.

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika fahali kwa pembe aliisoma kwa sauti, polepole, neno baada ya neno. Alipofika kwenye maziwa akaacha kusoma. "Kwani mbona hamkutuambia?" akauliza. Hakuwa ananiuliza kwa wema, na alikuwa na haki yake. Ningemwambia nini, kwamba onyo lake limefichwa Kinoru na kijana mwenye diski? Yule mama wa kanga alikuja akauweka mkebe wake miguuni pangu. Wengine walikwenda nyumbani wakarudi na ya zamani, iliyong'arishwa, mmoja ukiwa bado na matone ya maziwa. Dereva akachukua panga akawa anaitoboa ile mitupu yote, mmoja mmoja, tukaitupa shimoni. Mama mdogo alikuja pia. Aliangalia ukuta, akasema, "Atari," akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kama kawaida yake.

Dereva alilibeba lile debe la rangi akaenda nalo Kiambere wiki iliyofuata. Aliponiambia ameandika vipi neno la kwanza kule, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini wakati huo nilikuwa nimeshafukuzwa. Mkubwa aliniita Jumatatu, habari zilikuwa zimemfikia. Nilidhani kosa ni kuondoka bila ruhusa. Kumbe! "Umeandika nini kule kwa josho?" akaniuliza. "Wafadhili wakipita pale wakisoma vile, watasema sisi ni watu gani? Umeuaibisha mradi." Nikamwuliza kama ameisoma sentensi ya pili. Akasema tusibadilishe mada. Nilichukua mkoba wangu na kikombe changu, nikampitia pale alipo, na mpaka leo nasikitika kwamba sikuubamiza mlango.

Tovuti ilipita ukaguzi wa pili, niliambiwa. Walimchukua msichana mwingine akaweka h zote. Matangazo nayo yalichapishwa mwishowe, yakakaa kwenye sanduku juu ya kabati, kwa sababu petroli ya kuyazungusha hakukuwa nayo. Hili aliniambia dereva, ambaye naye alikuwa ameanza kutafuta kazi kwingine.

Nilirudi nyumbani Ruiri. Siku moja nikamsindikiza mama mdogo na mbuzi zake mpaka josho, sikuwa nimefika pale tangu ile Ijumaa. Rangi yangu ilikuwa imeanza kufifia kwa jua. Mbele ya neno langu kulikuwa na herufi mpya, nyekundu mbichi, imebanwa pale ukutani karibu na kona kwa sababu mimi sikuiachia nafasi.

"Gari lenu lilikuja," mama mdogo akasema. "Akatoka mtu na brashi. Aliandika hiyo, akaingia, wakaondoka."

"Hawakuleta matangazo?"

"Matangazo gani?"

"Hawakusema chochote kuhusu mkebe?"

"Hata kutusalimia hawakutusalimia."

Nilisimama pale nikasikia hasira yote imerudi, mpya, kama ndiyo kwanza nachekwa kule ofisini. Gari, dereva, brashi, petroli ya kutoka Kinoru mpaka Ruiri na kurudi. Petroli ilipatikana. Kwa h, ilipatikana.

Mama mdogo alisogea mpaka ukutani. Akaigusa ile herufi kwa kidole chake kinachotetemeka, akanigeukia.

"Hii waliyoongeza," akaniuliza, "inasema nini?"

Nikamwambia haisemi kitu.